Sindano kwenye Gunia la Shuka

Da Mkasi alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikaa meza ya pili kutoka dirishani, kikiwa kimevaa spika za masikioni na kutabasamu bila sababu.

Jina la Mkasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na ofisi, kitengo cha mafunzo cha hospitali kubwa, chumba cha chini kilichobanwa kati ya stoo ya magodoro na chumba cha mitungi ya oksijeni. Humo ndimo yanamotengenezwa masomo ambayo wauguzi, wahudumu na watu wa dobi huyasoma kwenye simu zao: namna ya kunawa mikono, namna ya kumwinua mgonjwa bila kuuacha mgongo wako kitandani pamoja naye, namna ya kuzima moto kabla moto haujakuzima wewe. Mtu akimpelekea slaidi yenye maneno mengi, Da Mkasi huyakata. Aya inakuwa sentensi, sentensi inakuwa maneno matatu, na mwenye slaidi anabaki mdogo kama nukta. "Slaidi siyo gunia," huwaambia. "Usishindilie." Wakamwita Mkasi. Akajifanya kuchukia, lakini aliliandika jina hilo kwenye kikombe chake cha chai.

Programu ya kutengenezea masomo aliijua kama anavyolijua jiko lake. Angeweza kukuonyesha gizani kitufe cha kupanga picha mstari mmoja kilipo. Yeye ndiye aliyewafundisha wote waliopita pale kwamba somo haliandikwi kwenye kompyuta kwanza, linaandikwa kwenye karatasi, na kwamba kila unapomaliza hatua unahifadhi nakala mpya yenye namba mpya, hufuti ya zamani, kwa sababu ya zamani ndiyo itakayokutetea siku ya siku. Wanafunzi wake walikuja, wakajua, wakaenda kulipwa vizuri zaidi kwingine. Yeye alibaki, akingojea Mzee Projekta astaafu.

Mzee Projekta alikuwa mkuu wa kitengo. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kazi enzi ambazo mafunzo yalikuwa projekta, shuka jeupe ukutani na watu wenye usingizi. Sasa alikuwa amebakiza miezi michache aende akalee kuku wake, na kiti chake, kile chenye egemeo la mikono, kilikuwa kama kimeshashonewa jina la Da Mkasi.

Kisha akaja Asali.

Kijana alitokea redioni. Alikuwa akisoma matangazo: nyumba zinazopangishwa, mbuzi waliopotea, mabati ya bei nafuu. Hakujua programu hata kidogo, ila alikuwa na sauti. Akisema "Karibu, mwenzangu" mwanzoni mwa somo, unajikuta umekaribia kweli. Somo lake la kwanza, la kuinua wagonjwa, lilikuwa na rangi zinazopigana na vitufe vilivyokaa kama meno ya mtoto. Wodi nzima wakalisoma mpaka mwisho. Wengine wakalirudia. Da Mkasi alipoangalia somo lake mwenyewe la moto, lililopangwa kwa rula, akakuta nusu ya watu wameishia slaidi ya nne.

"Wamekimbia moto," alisema Asali, akicheka kwa wema.

Da Mkasi naye alicheka. Akaenda msalani, akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika mpaka aliposikia mtu anabisha hodi.

Siku zile kila kitu cha Asali kilikuwa kinamchoma. Kiti chake hakilalamiki kikikaliwa, cha kwake kinalia kama mlango wa jela. Wauguzi walikuwa wakipita kuwaletea chai. Zamani chai iliwekwa katikati ya chumba, sasa inawekwa meza ya pili. Hata kikohozi cha Asali kilikuwa kizuri. Da Mkasi alikisikiliza siku moja kwa makini, akakiri moyoni kwamba huyu mtu hata akikohoa utadhani anafungua taarifa ya habari.

Halafu Mzee Projekta akawaita wote wawili.

"Sikilizeni, wanangu. Metroni Mkuu anataka kuona kazi zenu ukumbini, mbele ya watu wa wodi zote. Mkasi, wewe utatengeneza somo la kunawa mikono. Asali, wewe la kutenganisha taka. Akishaona, atasema nani anachukua kiti changu. Nisije nikasikia maneno baadaye, nimewaambia mchana kweupe."

"Na kuhakikiana, Mzee?" aliuliza Da Mkasi.

"Kama kawaida yetu. Kila somo lipitiwe na mtu wa meza nyingine. Wewe lake, yeye lako."

Hiyo ilikuwa desturi ya kitengo, na Mkasi mwenyewe ndiye aliyeianzisha: hakuna somo linalotoka bila jicho la pili. Unalifungua somo la mwenzako, unaweka maoni pembeni mwa kila slaidi, mwenye somo anarekebisha. Asali alilipitia somo la Da Mkasi kabla ya chai. Aliacha maoni mafupi tu, mwishoni: "Safi sana, dada yangu! Sina la kuongeza."

Da Mkasi aliyasoma mara mbili. Sina la kuongeza! Mtu unakesha na pikseli, anakuja mtu anakwambia hana la kuongeza, kama amepewa sahani asiyo na njaa nayo.

Basi naye akalifungua la Asali. Akakunja mikono ya blauzi.

"Umekifunga kitufe cha Endelea mpaka sauti yako iishe," aliandika kwenye slaidi ya kwanza. "Muuguzi ana wagonjwa, hana muda wa kukusubiri ujisikilize. Kifungue."

Kwenye ya pili: "Usimsomee mtu maneno yote anayoyaona. Ana macho. Yaache maneno machache, mengine yaseme."

Kwenye ya tatu: "Nasikia feni, nasikia mlango, nasikia mtu anaulizia ufunguo wa gari. Ingia stoo ya magodoro urekodie humo. Godoro linameza kelele. Na kila slaidi ipe sauti yake fupi, siku sentensi moja ikibadilika usirudie hotuba nzima."

Kwenye ya tano: "Umepaka kitufe rangi slaidi moja moja kwa mkono, ndiyo maana kimoja ni bluu na ndugu yake ni zambarau. Kuna slaidi mama. Badilisha kwa mama, watoto watafuata."

Kwenye ya maswali: "Mtu akikosea umemwandikia 'Si sahihi.' Halafu? Umemwacha barabarani. Mwambie amekosea nini, umrudishe ajaribu tena."

Mwisho akaweka sumu ya kutosha: "Nimefungua faili lako kwa ndani. Umbo 12, Umbo 31, Umbo 47. Hawa ni akina nani? Vitu vipe majina. Na ujaribu somo kwenye simu ndogo ya watu, siyo hilo sinia lako."

Akatuma. Akajisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akasubiri Asali anune.

Asali hakununa. Alikuja mezani kwake na kalamu. "Dada, hii ya slaidi mama, nionyeshe tena. Mimi nilidhani ni slaidi ya akina mama."

Akaonyeshwa, kwa mdomo uliobanwa. Akaenda akarekebisha. Akajifungia stoo ya magodoro saa nzima, akatoka na nyuzi za pamba kwenye nywele na sauti iliyosafishwa mpaka ukaisikia ikivuta pumzi. Akayafuata maoni karibu yote. Majina ya maumbo tu ndiyo aliyoyaahirisha: "Nitayafanya, dada, nakuahidi." Simu ndogo nayo hakuitafuta, alijaribu kwenye ile yake pana, akaona mambo yanakwenda.

Da Mkasi alipolifungua tena somo lile, moyo ulimshuka hadi kwenye viatu. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kwa mikono yake yeye. Kila alipochoma, pale ndipo palipopendeza. Alikuwa ameshika jiwe la kunolea huku akidhani ameshika kisu. Angeweza kuacha kuandika maoni, lakini mkono ulikuwa unamwasha. Akiona kosa hapati usingizi. Akaandika mengine, Asali akashukuru mengine, somo likazidi kung'aa.

Jioni ya kuamkia siku ya ukumbi, wifi yake alipita kwake, kama alivyozoea akitoka kazini. Wifi huyo, dada wa mumewe, alifanya kazi dobi, hospitali ileile: yeye na wenzake ndio wanaofungua magunia ya shuka chafu kutoka wodini, wanazitenganisha kwa mikono kabla hazijaingia kwenye mashine.

"Wifi, kaa hapa," alisema Da Mkasi. "Nitakutumia somo, unijaribie kwenye simu yako."

"Leo nimekuwa wa maana?"

"Umekuwa wa bure. Kaa."

Alitaka kusikia neno moja tu baya. Hata "linachosha" lingetosha. Wifi alitoa simu yake, ndogo, kioo kimepasuka kona, akaegemea mto. Sauti ikatoka: "Karibu, mwenzangu."

"Mama wee! Huyu nani?"

"Mtu wa ofisini."

"Ameoa?"

"Wifi, soma somo."

"Si nasoma! Naisoma sauti kwanza."

Da Mkasi alikwenda jikoni kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Huko nyuma akasikia wifi anacheka, anamjibu Asali kama wanazungumza kwa simu. Kisha likaja zoezi. Lilikuwa picha ya chumba cha wodi: sindano iliyotumika iko mezani, bandeji yenye damu sakafuni, na kando yake sanduku la njano la vitu vyenye ncha, mfuko mwekundu, na gunia la shuka. Unakigusa kitu kwa kidole, unakiburuta, unakidondosha panapostahili.

"Hongera! Sahihi kabisa," ilisema sauti ya Asali.

Halafu wifi akaita, bila kicheko safari hii. "Wewe! Njoo. Hiki kidude kimenipongeza nini?"

"Si umepata?"

"Nimepata wapi? Kidole kimeniteleza, sindano nimeiangusha kwenye gunia la shuka. Kikaniambia hongera!"

"Rudia."

Akarudia, dole gumba lake pana likafunika nusu ya kioo. Sindano ikaingia kwenye gunia. Hongera! Sahihi kabisa.

Da Mkasi alielewa palepale. Juu ya kila chombo kwenye picha mtengenezaji huweka boksi lisiloonekana, na kitu kikidondoka ndani ya boksi hilo programu huhesabu kwamba umepatia. Boksi la sanduku la njano Asali alikuwa amelichora kubwa mno, likamwagikia upande wa gunia. Kwenye kompyuta huwezi kugundua, unalenga katikati kwa kipanya. Kwenye simu ndogo, kidole kinagusa kote.

Furaha ilimpanda kama maziwa yanayochemka. Alijaribu kuipulizia ishuke, ikagoma.

"Unacheka nini?" wifi aliuliza. "Gunia hilo unajua linakuja kwa nani? Linakuja kwangu. Yule mwenzangu ninayesimama naye meza moja alichomwa akikunjua shuka. Amemeza dawa mpaka akawa anakimbia harufu ya chakula, huku anasubiri majibu ya damu. Bahati yake yalitoka mazuri. Mwambie huyo mwenye sauti arekebishe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wifi, nimesema nitamwambia."

Hakuwa na mpango wa kumwambia. Mpango wake ulikuwa ukumbi. Alishaona kila kitu: Metroni Mkuu mbele, Asali anameremeta, halafu mtu mmoja wa wodini anainua simu na kusema, mbona sindano imeingia kwenye shuka? Hapo yeye Da Mkasi angesimama taratibu, kwa huzuni nyingi, na kueleza kitaalamu. Alilala akiipanga ile huzuni.

Asubuhi Mzee Projekta akamharibia.

"Nimepata wazo," alisema, akisugua viganja. "Somo la taka tulitume kwenye simu za wodi zote sasa hivi asubuhi, watu waje ukumbini wameshalisoma. Metroni amelipenda wazo. Saa nne linatoka."

Da Mkasi aliangalia saa. Ukumbini, kosa lingekuwa aibu ya mtu mmoja. Kwenye simu za wodi zote lilikuwa ni mafunzo. Watu mia kadhaa wangepongezwa kwa sauti tamu kwa kutupa sindano kwenye gunia, na gunia lina mikono inayolisubiri.

"Asali yuko wapi?"

"Ukumbini, anafunga spika."

Ukumbi haukuwa mbali. Angeweza kutembea. Angeweza kupiga simu. Akaishika simu, akaiona picha itakayofuata: Asali anakuja mbio, anarekebisha, anamshukuru mbele ya Mzee, Mzee anasema huyu kijana ni mwepesi. Akaiweka simu chini. Hapana. Nitarekebisha mwenyewe, alijiambia, na ukumbini nitasema nimerekebisha mwenyewe.

Akalifungua faili la Asali kutoka folda ya pamoja. Akahangaika katikati ya maumbo yasiyo na majina mpaka akalipata boksi lenyewe. Umbo 47, nani mwingine! Akalipunguza, akalibana likae juu ya sanduku la njano pekee. Akajaribu kwa simu ya mlinzi wa mlangoni, ndogo kuliko zote alizoziona. Sindano ikaingia kwenye gunia. "Hapana, mwenzangu. Fikiria atakayelifungua gunia hili." Safi. Saa ilikuwa inakimbia. Akahifadhi juu ya faili lilelile, akachapisha somo kutoka kwenye kompyuta yake, akamwashiria Mzee kwamba tayari. Somo likaenda wodini.

Mtu aliyewafundisha wengine kuhifadhi nakala mpya, asiifute ya zamani, ndiye aliyeifuta ya zamani. Na si hilo tu. Programu ile ina tabia ya kumkumbuka mwenye kompyuta. Ukichapisha kwako, inaweka yale uliyoyapanga kwako: rangi zako, na pembeni mwa kila slaidi picha yako wewe kama mtengenezaji wa somo, picha ambayo simu huificha lakini kioo kikubwa huionyesha. Ndiyo maana sheria ya kwanza kabisa ya kitengo ni kwamba somo linachapishwa kwenye kompyuta ya mwenye somo. Da Mkasi aliijua sheria hiyo. Aliitunga.

Mchana ukumbi ulijaa. Metroni Mkuu alikaa mbele, mama mpana mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Nyuma walikaa wahudumu na watu wa dobi, wifi akiwemo.

Da Mkasi alitangulia. Somo la kunawa mikono lilipita bila doa. Walipiga makofi yale ya kumsindikiza mgeni mlangoni.

Kisha Asali akapanda, akabofya, na somo la taka likafunguka ukutani, kubwa kama nyumba. "Karibu, mwenzangu," ilisema sauti ya Asali. Na pembeni mwa slaidi, akitabasamu kwa meno yote, alikuwa Da Mkasi.

Kwanza watu walidhani ni utani. Asali akabofya slaidi ya pili. Da Mkasi yupo. Ya tatu, yupo, tabasamu lilelile.

"Dada kaota masharubu ya sauti!" mtu alisema nyuma, na ukumbi ukapasuka.

Metroni Mkuu hakucheka. Alivaa miwani. "Somo hili ni la nani?"

"La kwangu, Mama," alisema Asali. Alikuwa amechanganyikiwa, anamtazama Da Mkasi kama mtu aliyekuta nguo zake zimevaliwa na jirani.

"Na picha ni ya nani?"

Da Mkasi alisimama. Ile huzuni aliyoipanga usiku haikuonekana mahali pa kuishika. "Ni yangu. Nimelichapisha mimi. Kulikuwa na kosa. Mtu wa simu ndogo alikuwa anaweza kuiweka sindano kwenye gunia la shuka na somo linampongeza. Nikarekebisha asubuhi."

"Kosa liko wapi?"

"Nimeshalirekebisha."

"Basi tuonyeshe lilivyokuwa."

"Sikubakiza nakala, Mama."

Hapo minong'ono ikapita kama upepo kwenye makaratasi. Hata yeye aliyasikia maneno yake yalivyo: maneno ya mtu aliyekamatwa juu ya ukuta wa jirani akisema alikuwa anaokota kofia.

"Mimi nililiona!" Wifi alikuwa amesimama nyuma. "Jana, kwenye simu yangu hii!"

"Wewe ni nani?"

"Wifi yake."

Ukumbi ukacheka upya. Wifi akakaa, akalaani kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana.

Ndipo Asali akatoa simu yake mfukoni, lile sinia. "Mimi nililipakua jana nisije nikakosa mtandao. Humu bado ni lile la zamani." Akaisogeza kwenye maikrofoni, akaburuta sindano kwa ncha ya kidole, akaidondosha katikati ya gunia la shuka.

"Hapana, mwenzangu," ilisema simu. "Fikiria atakayelifungua gunia hili."

Kwa hiyo imekwisha, aliwaza Da Mkasi. Kosa halipo, mwizi yupo. Asali alikuwa na kila sababu ya kuirudisha simu mfukoni na kuendelea na slaidi zake. Kiti chenye egemeo kilikuwa hatua moja mbele yake. Lakini kijana aliitazama simu, kisha akatazama nyuma ya ukumbi.

"Dada wa dobi, samahani. Wewe uliifanyaje?"

Wifi hakungoja kubembelezwa. Alishuka katikati ya viti akijifuta mikono kwenye gauni. "Wewe unadondosha kama unatia chumvi," alimwambia. "Mtu wa kazi anaburuta hivi." Akaliweka dole gumba lake lote juu ya sindano, kwenye simu ileile ya Asali, akaivuta, akaiachia ukingoni mwa gunia, upande wa sanduku la njano.

"Hongera!" sauti tamu ya Asali ilijaza ukumbi kwa spika alizozifunga mwenyewe. "Sahihi kabisa."

Hakuna aliyecheka.

"Ni kosa langu," alisema Asali. "Dada aliniambia nijaribu kwenye simu ndogo, sikujaribu. Amelirekebisha yeye. Mimi nilikuwa sijui hata kama lipo."

Na ukumbi ukampigia Asali makofi. Yeye! Watu wa dobi walisimama. Muuguzi mmoja alijifuta jicho. Da Mkasi alisimama palepale, ameokolewa, na hakuna aliyemwangalia. Kosa la Asali lilikuwa limepigiwa makofi mengi kuliko usahihi wake wote.

Metroni aliinua mkono, makofi yakaisha. Akamgeukia Da Mkasi. "Kosa hili uliliona lini?"

"Jana jioni, Mama."

"Ukamwambia lini mwenye somo?"

Angeweza kusema alipiga simu haikupatikana. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, umevaa viatu kabisa. Lakini Asali alikuwa anamtazama kwa yale macho yake ya wema, tayari kumsaidia kuuamini, na hilo ndilo lililomshinda.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka litokee hapa."

Metroni alivua miwani, akaiacha ining'inie. Hakumgombeza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma chati ya mgonjwa, kwamba anayeongoza watu lazima aweze kumwambia mwenzake kosa lake siku ileile anapoliona. Akamwambia Mzee Projekta amwandae kijana kwa kile kiti. Akaongeza kwamba dada aendelee kuhakiki kila somo la hospitali, kwa sababu jicho kama lile hajaliona.

Watu walipoanza kutoka, Asali alimfuata kwenye ngazi za ukumbi. "Dada, nimewaza. Picha yako niiache palepale, tuweke na yangu. Somo ni letu wote."

"Iondoe," alisema Da Mkasi. "Sitaki kukaa pembeni mwa somo la mtu. Nikitaka picha yangu ukutani nitaiweka kwenye la kwangu."

"Sawa, dada. Asante lakini."

"Usinishukuru, bwana mkubwa. Utanizoeza vibaya."

Alicheka, yule kijana, akadhani ni utani, akarudi kufungua spika zake.

Wifi alikuwa anamngoja getini, mkoba kwapani. Walishika njia ya nyumbani pamoja.

"Angeweza kukuzamisha," alisema wifi.

"Nimeona."

"Akakutoa."

"Nimeona, wifi, nilikuwepo."

"Mimi nasema tu, ni mtu mzuri."

"Ndiyo tatizo lenyewe," alisema Da Mkasi, akiongeza mwendo. "Angekuwa mbaya, leo ningelala."